Siku Nilipomwomba Radhi Mtani

Sokoni Kashaulili siku hizi neno linalosikika kuliko bei ya dagaa ni "sori". Mtu akikukanyaga, sori. Akikuruka kwenye foleni ya mashine ya kusaga, sori, na shingo hageuzi. Binti yangu wa chekechea analisema mpaka kwa paka. Nami kila nikilisikia, masikio yangu yanarudisha mlio wa chungu kikipasuka kwenye sakafu ya udongo, mlio mzito wa chini, halafu ndipo nakumbuka kwamba mambo yaliisha salama.

Chungu kilikuwa cha Bibi Kalunde, jirani yetu. Yeye Mnyamwezi, sisi Wafipa, na tangu nipate akili nilikuta anataniana na watu wa kwetu. Kama hukulelewa na mtani mlango wa pili, ndugu msomaji, umekosa uhondo. Alikuwa anaingia kwetu bila hodi, anafunua sufuria na kusema, "Mama Yusta, nyie Wafipa mtaacha lini kutulisha matope?" Kisha anakaa, anaula huo ugali wa ulezi mpaka anakomba. Siku moja alibeba jogoo wetu mchana kweupe, mama akimtazama. Wiki iliyofuata mama akaenda kuanua khanga yake mpya kambani, akaivaa kanisani. Hakuna aliyenuna, hakuna aliyeomba wala kushukuru.

Mimi nilikuwa darasa la nne. Mwalimu wetu wa Kiingereza, dada mmoja aliyetoka chuoni mwaka huohuo, alituambia mtu mstaarabu anajulikana kwa maneno matatu: plizi, tenkyu na sori. Tuliyaimba kila asubuhi. Mimi nililipenda sori. Lilikuwa fupi, laini, na lilifuta makosa papo hapo kama kifutio. Kuna siku nilimkanyaga mwenzangu makusudi ili tu nipate nafasi ya kulisema.

Jumamosi moja mama alinituma kwa Bibi Kalunde kuchukua chekeche. Mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba. Nikageuka kwa haraka zangu, kiwiko kikagonga chungu chake cha maji ya kunywa, kikaanguka na kupasuka, maji yakanifika vidoleni. Mtoto yeyote wa kwetu mwenye akili timamu angemngoja, amwambie chungu kilikuwa kibaya, akatafute kingine. Mimi nilikimbia nyumbani, nikanawa miguu, nikavaa sare ya shule, nikarudi. Nikasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Bibi, sori. Naomba unisamehe. Sitarudia tena."

Aliitazama sare yangu. "Nani kakutuma?"

"Tumefundishwa, Bibi," nikasema kwa majivuno. "Kwetu sasa tuna adabu."

Aliinama, akaokota vigae kimoja kimoja na kuviweka kwenye ungo. "Haya, mwanangu. Hamna shida. Karibu tena." Hakuwa amewahi kuniita mwanangu. Siku zote mimi nilikuwa "kitoto cha Kifipa", na karibu tena ni maneno aliyowaambia watu wa sensa. Lakini nilirudi nyumbani nikirukaruka, nimeridhika na nafsi yangu.

Tangu siku ile Bibi Kalunde akaanza kupiga hodi. Kisha akaacha kuja. Mama akawa anapika na kuangalia mlango. "Sijui nimemkosea nini Kalunde," alisema jioni moja, na mimi nikainamisha uso kwenye daftari. Nilikuwa nimeshaanza kuelewa ni nani aliyekosea, ila sikuelewa kosa lenyewe. Si nilikuwa nimeomba radhi?

Haukupita mwezi babu akafariki, baba yake mama, tuliyekuwa tukiishi naye. Kwetu mtani ndiye anayefungua msiba. Anafika wa kwanza, anavaa nguo za marehemu, anamsema marehemu vibaya mpaka wafiwa wanacheka, na mtu akishacheka kilio kinapata njia. Siku mbili mama alikaa mkekani macho makavu, hali, halii, hasemi. Baba alitoka kila dakika kuangalia njia. Shangazi akauliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mtani wenu yuko wapi? Mzee azikwe kama mpita njia?" Mazishi yalikuwa saa tisa, na ilikuwa imeshagonga saa sita.

Aliposema mtani, nikakumbuka nilivyomwomba radhi kama mgeni. Nikatoka. Bibi Kalunde nilimkuta amekaa kizingitini, ameoga, amejifunga khanga mbili, mikono magotini. Alikuwa tayari kabisa na haendi popote. Machozi yakanitoka, lakini mdomo nikaufungua.

"Yaani wewe umekaa hapa unatafuna michembe yenu ya viazi kama mbuzi, na babu amekufa?"

"Umesemaje?"

"Na chungu chako kilikuwa kibaya. Nilikusaidia kukivunja."

Halafu nikaona mkono wake unateremka taratibu kutafuta kandambili. "Wewe kitoto cha Kifipa," akasema, "leo utanitambua." Sijawahi kufurahi kukimbizwa namna ile. Alinifukuza mtaa mzima, waombolezaji wakitutazama, mpaka ndani ya uwanja wetu.

Hakutoa pole kwa mtu. Alipita moja kwa moja chumbani, akatoka na koti la babu, kofia ya babu na fimbo yake. Akachechemea kama babu, akakohoa kikohozi chake kile cha kuombea uji, akamsimamia mama kichwani. "We binti, huu uji mpaka nife tena?" Mama akainua uso. Akacheka, kicheko kikapinda katikati, kikawa kilio, akalia vile ambavyo ilikuwa lazima alie tangu juzi. Baba akaketi chini kama mtu aliyetuliwa gunia. Jeneza lilipotoka, Bibi Kalunde alijilaza njiani, akakataa kuondoka mpaka apewe jogoo.

Miaka mingi baadaye, chuo cha ualimu, mkufunzi alitueleza asili ya lile neno sori. Alisema limetoka kwenye neno la zamani la Waingereza lenye maana ya maumivu, kama ya kidonda. Aliyelitamka zamani alikuwa anasema kwamba yeye mwenyewe anaumia. Kwa kutumiwa sana likachakaa, mpaka likatosha kwa mtu aliyekanyagwa kidole. Wenzangu waliandika, wakafunua ukurasa. Mimi kalamu ilinibaki mkononi.

Siku ile niliyosimama mbele ya Bibi Kalunde na sare yangu, sikuwa naumia popote, nilikuwa na neno jipya tu. Nilikuja kuumia pale kizingitini kwake, na kilichonitoka mdomoni kilikuwa tusi. Bibi Kalunde alilisikia vizuri, akanisamehe kwa kandambili.