Sifuri ya Leonard Kubiak

Kiwanda cha chuma cha Garnet kilipozimwa, wenye akili walihama, wenye mizizi wakabaki. Leonard Kubiak alikuwa na mizizi, na ukaidi juu yake. Wenzake waliostaafu walishika uvuvi wa samaki wasiolika. Yeye akashika biashara ya kununua madeni ya kodi.

Haina uchawi biashara hiyo. Mtu akishindwa kulipa kodi ya nyumba yake, wilaya hulipiga mnada lile deni. Mnunuzi huilipa wilaya, kisha humdai mwenye nyumba pamoja na riba. Muda ukipita bila malipo, nyumba inamhamia mnunuzi. Na mnada huenda kinyumenyume: mshindi ni yule anayekubali riba ndogo kuliko wote.

Watu wa Garnet walikuwa na desturi yao. Mnada ulifanyika chini ya jengo la mahakama, na mwenye shida alikuja mwenyewe, akavua kofia, akasimama ukutani. Hapo wanunuzi wote walinyamaza, mmoja tu akasema, "Sifuri." Maana yake: huyu ni jirani, hatuli riba yake. Leonard alilitamka neno hilo kuliko wote. Marehemu mkewe alikuwa akisema ndiyo maana kwao kila siku ni kabichi.

Basi zamu ikamfikia Irene Matusek wa nyumba ya mkabala, mjane wa Rudy aliyefanya kazi na Leonard tanuri moja. Bintiye Carol, aliyehamia Arizona, alimtumia pesa za kumaliza kodi. Wiki hiyohiyo boila ya kupasha nyumba joto ikafa, na theluji iko mlangoni.

"Shemeji, tengeneza boila," Leonard alimwambia, mdomo umejaa pierogi, sambusa za kuchemsha, za mwenyeji wake. "Kodi niachie mimi. Nitasema sifuri, utanilipa ukipata."

"Na mwingine akiwahi?"

"Nani, Walter? Walter ananiogopa."

"Walter hakuogopi wewe. Anaogopa usije ukamwomba sigara."

Wakacheka, na boila ikatengenezwa.

Mwaka huo wilaya iliuhamishia mnada kwenye kompyuta. Leonard alijua, ila hakuona tofauti. Sifuri ni sifuri, useme au uandike. Akaenda kwenye kompyuta ya maktaba, akaiandika mbele ya nyumba ya Irene. Kumbe kampuni moja ya mbali, ambayo hakuna aliyewahi kuona sura ya mtu wake, nayo imeandika sifuri, kwenye mamia ya nyumba kwa mkupuo. Maisha yake yote Leonard hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kusema sifuri kwa uroho. Kwamba riba anaisamehe kwa sababu anaitaka nyumba yenyewe. Wanunuzi wakilingana, mashine hupiga kura ya bahati. Ikaipa kampuni.

"Lakini ni jirani yangu," alimwambia karani wa wilaya.

"Mzee Leonard, mashine itamjuaje jirani yako? Ana miaka miwili ya kulikomboa deni. Ajitahidi."

Ajitahidi na nini? Kampuni ilikuwa ikilipa kodi mpya zilipotoka tu, ikizipandisha juu ya deni pamoja na adhabu, na deni likavimba kama unga uliotiwa hamira. Akiba ya Leonard ilikuwa imenasa kwenye viwanja vitupu ambavyo wenyewe walishakufa au kupotea. Alijaribu kumuuzia Walter, mnunuzi mwenzake.

"Hata ukinipa bure, nitakudai nauli ya kwenda kuviona," Walter alisema, lakini akatoa vyote vilivyokuwa mfukoni mwake. Kanisa nalo likauza pierogi Ijumaa kadhaa kwa ajili ya Irene. Pesa zote hazikufika hata nusu ya deni.

Miaka miwili ikaisha, nyumba ikawa ya kampuni. Irene alipoondoka kwenda kulala kwenye kochi la Carol hakumlaumu Leonard. "Ulinitakia mema, Leni," alisema. Heri angempiga kofi.

Kampuni ilitundika kufuli, na haikurudi tena. Mfereji wa paa ulipong'oka, Leonard alisimamisha ngazi aurudishe. Polisi akaja, kijana ambaye Leonard mwenyewe alimsimamia ubatizo.

"Shuka, baba. Hii nyumba si yako."

"Ni ya nani?"

"Sijui. Ila si yako."

Akashuka. Alikuwa na nyundo, misumari na nguvu bado, na hakuna hata kimoja kilichomfaa.

Jumapili moja Irene akapiga simu. "Vipi, wamepata watu wa kukaa?"

Leonard alitazama dirishani. Paa la baraza lilikuwa limelalia ngazi za mlangoni, na wezi walishachukua mabomba ya shaba na boila pia.

"Wamo," alisema. "Mume, mke na watoto."

"Wangapi?"

"Watatu."

Irene akacheka kidogo, kwa raha ya kweli. "Hapo sawa. Waambie mlango wa kushukia chini unakwama. Wauinue kidogo ndipo wavute."

"Nitawaambia."

"Nenda sasa hivi, Leni, kabla mtoto hajabanwa vidole. Mimi nakusubiri hapa hapa kwenye simu."

Leonard akalaza simu mezani, akavaa koti, akavuka barabara. Akasimama mbele ya lile kufuli kwa muda ambao mtu angehitaji kubisha hodi, kusalimia na kueleza habari ya mlango. Halafu akarudi, akamwambia kwamba wameshukuru sana.