Siku Kijiji Kilipomjibia Bi Modester

Wifi yangu Modester amezaliwa Misufini na anaishi Misufini, katika nyumba inayotazamana na kanisa la zamani. Wageni wanaokuja Pemba kulitazama kanisa hilo humwona yeye kwanza, ameketi barazani na cherehani yake, na wengine humpiga picha kabla ya kumsalimia. Naandika habari zake kwa sababu mambo ya siku ile ya Jumamosi yameanza kusimuliwa kombo mjini Chake Chake, na sipendi ukoo wa marehemu mume wangu, Anselimu, usemwe na watu ambao hawakuwapo. Mimi nilikuwapo.

Baba yao alikuwa seremala kutoka Masasi. Aliletwa na wamisheni kutengeneza mabenchi na milango ya kanisa, na kazi ilipokwisha hakurudi kwao. Kanisa lenyewe limejengwa kwa mawe ya mchanga yenye rangi ya asali, enzi za Mwingereza. Sasa kijiji kizima kimewekwa chini ya hifadhi. Mtu haruhusiwi kung'oa dirisha la kale wala kuongeza ukuta wa matofali bila kibali, hata kama mvua inamnyeshea kitandani. Watu wa Misufini ni Waislamu karibu wote. Wakristo wa kudumu tumebaki Modester pale kijijini, na mimi na mdogo wake Samwel tulioko Gombani. Wengine ni walimu na wauguzi wa kutoka bara, wanaokuja wakahamishwa kabla hatujawazoea.

Modester hakuolewa. Mchumba wake alihamishiwa Mtwara akaoa huko. Habari ilipomfikia alikuwa anapiga lupindo la sketi ya shule. Akauliza, "Mke mwenyewe anajua kupika?" Akaambiwa anajua. "Alhamdulillahi," akasema, kama wasemavyo majirani zake, "maana mie ningemuua kwa njaa." Akaendelea kushona.

Kijiji kile chote kimekwenda shule kwa mkono wake. Mzazi asiyekuwa na kitu alipewa sare bure, na hakuna aliyepata kujua nani alilipa na nani hakulipa. Wala hapakuwa na ndoa, hitma au maulidi aliyoyakosa. Hukaa jikoni na wanawake wenzake akimenya vitunguu, na wakati wa dua huinamisha kichwa, huku akimwomba Mungu kwa njia yake. Jumapili hufungua kanisa, hufagia, husoma sala, mara nyingi peke yake. Nilipata kumwuliza kama haoni upweke. Akanijibu, "Wifi, Mungu hahesabu mabenchi."

Masika ya mwaka jana aliugua vibaya, akalazwa, na alipotoka hospitali nilimchukua kwangu Gombani mpaka akapata nguvu za kusimama. Ufunguo wa kanisa aliuacha kwa jirani yake, Bi Mwanamize, mjukuu wa ule ukoo wa Marhoun uliokuwa na mashamba ya mikarafuu upande wote ule. "Niwekee," alimwambia. Hakuongeza neno.

Wiki ile ile aliyorudi Misufini ndipo tukapata habari. Afisa wa mambo ya kale angekuja kutoka Unguja siku ya Jumamosi kuangalia kama kanisa bado linatumika. Nyumba ya ibada iliyo hai huachiwa wenyewe. Ile iliyoachwa bila ibada hugeuzwa makumbusho: mlango unafungwa, ufunguo unapelekwa mjini, na anayetaka kuingia anakata tiketi.

Modester akaweka mkasi chini. "Yaani nikitaka kusali nikate tiketi?"

"Na kusali hairuhusiwi," nilimwambia. "Ni kutazama tu."

Akafunika cherehani, ingawa bado ulikuwa mchana.

Mdogo wake, Samwel, anafanya kazi kwenye uwanja wa mpira wa Gombani, na kila shida ya dunia yeye huiona kama mechi. Akaja na mpango. "Nawaletea vijana basi zima. Wanakaa kwenye mabenchi, wanaimba kidogo, afisa anaona kanisa limejaa. Imekwisha hiyo!"

"Vijana gani?" nilimwuliza.

"Wa timu."

"Waislamu?"

"Shemeji, kwani afisa atawauliza dini?"

"Na wataimba nini, nyimbo za ushindi?"

"Zile wanazijua vizuri."

Nilimwambia kuwa Anselimu alikaa serikalini miaka yote asichukue hata kalamu isiyo yake, na mimi sitakodi waumini kwa jina lake. Kanisa likiondoka, liondoke na sisi tukiwa wakweli. Samwel akanuna. Modester akasema, "Nitawaalika majirani zangu."

"Waje kufanya nini kanisani?" aliuliza Samwel.

"Nimesema waje kanisani? Waje kwangu. Siku nzito mtu hakai peke yake."

Alhamisi alivaa doti mpya ya kanga, iliyokuwa bado ina harufu ya duka, akachukua mwavuli, akapita nyumba hadi nyumba. Kila mlango alisema yale yale: "Jumamosi asubuhi nakuombeni kwangu, nina wageni." Basi. Hakueleza, na hakuna aliyemwuliza, kwa sababu pale mtu mzima akija mwenyewe mlangoni kukualika, kumwuliza "kuna nini" ni kumvunjia heshima. Unaitikia, halafu unatafuta sababu mwenyewe. Na Misufini mwanamke hapiti mlango kwa mlango na doti mpya ila kwa jambo moja. Kufika Ijumaa jioni kijiji kizima kilikuwa na hakika kwamba Bi Modester anaolewa.

Jumamosi nilipofika nilikuta moshi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na sufuria la pilau ambalo ningeweza kuoga ndani yake. Wanawake walikuwa wanachambua mchele na kupasua nazi, wanaume wamekaa kwenye majamvi na kanzu zao nyeupe, na vijana wa ngoma ya msewe walikwisha kujifunga njuga za miguuni. Modester alisimama katikati yao kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Bi Mwanamize akaja na chetezo kinafuka udi. "Haya, mwari! Bwana harusi yuko wapi?"

"Bwana gani?"

"Usitufiche, mwenzangu. Watu wasema ni daktari wa hospitali. Ati umelazwa, kumbe wachumbiwa!"

"Bi Mwanamize, nimewaita kwa sababu ya afisa wa serikali. Anakuja kuliangalia kanisa."

Mtu mmoja akacheka, na kicheko kikaenea mpaka kwa wanaume majamvini. Bi Mwanamize peke yake hakucheka. "Doti mpya yote ile kwa ajili ya afisa?"

"Zile za zamani zimechanika."

"Basi mie sirudi na mchele wangu," akasema Bi Mwanamize. "Bwana tumemkosa, chakula tusikikose. Tieni kuni!"

Gari likaingia wakati huo. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, Bi Raniya, amevaa vizuri na anasema Kiunguja kilichonyooka. Akatazama masinia, akatazama njuga. "Asalaam alaykum. Kuna harusi?"

"Waalaykum salaam. Ilikuwepo," akamjibu Bi Mwanamize. "Imevunjika, bwana hakutokea."

Bi Raniya alitabasamu lakini hakukaa. Alikwenda moja kwa moja mpaka ukumbi wa kanisa, kile kibaraza chenye nguzo mbele ya mlango, na sisi sote tukamfuata. Pale kivulini, umati umemzunguka, akamwuliza Modester kwa adabu, "Bi mkubwa, ibada inafanyika hapa?"

"Kila Jumapili."

"Tumearifiwa kwamba masika yote ya mwaka huu kanisa lilifungwa. Ni kweli?"

Samwel akanikanyaga mguu. Nilijua anataka nini: neno moja tu, "Si kweli," na nani angelipinga? Nilimtazama wifi yangu. Alikuwa ameshika nguzo ya mawe kwa mkono mmoja, maana miguu yake haijarudi kuwa ile ya zamani.

"Mimi nilikuwa hospitali," akasema. "Mwenye kufungua ni mimi. Kwa hiyo, ndiyo, mama. Lilifungwa."

Nilijua kanisa limekwenda, na papo hapo nikaona fahari. Yule ndiye binti wa seremala. Bi Raniya akatikisa kichwa polepole, kama mtu asiyependa jibu alilopewa, na akafungua kinywa kusema.

"Hebu ngoja," ilikuwa sauti ya Bi Mwanamize. Akapenya mbele, chetezo bado mkononi. "Nani kasema lilifungwa?"

"Mwenyewe ndiye aliyesema."

"Yeye ajua nini? Yeye alikuwa kalala na dripu! Ufunguo aliniachia mie. Kila Jumapili siye tukifungua. Wanangu wakifagia, mie nikikaa hapa ukumbini mpaka jua lipande, kisha nikifunga."

Modester akageuka. "Mwanamize, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Bi Raniya akasema, "Samahani, bibi. Nyinyi ni Waislamu. Mlikuwa mnafungua kwa ajili ya nini?"

"Kusali kwao hatukujui, na hatusali humu. Lakini siku ya mtu twaijua. Huyu hajakosa mazishi yetu hata moja. Sasa siye tumwache Mungu wake aje Jumapili akute kufuli?"

Wanaume wakaitikia, "Kweli!" Bi Raniya alikuwa anajizuia kucheka. "Nimekuelewa. Lakini nalazimika kuuliza: kuna aliyesali?"

"Alisali mwalimu wa Makangale, mkewe na watoto wao. Walipita wakaona mlango wazi, na tangu hapo wakawa waja kila wiki. Aimba vibaya, maskini, lakini aimba. Nambari yake ninayo, hununua samli kwangu."

Simu ikapigwa pale pale, sauti ikafunguliwa tusikie sote.

"Mwalimu Abeli! Hujambo?"

"Sijambo, Bi Mwanamize. Shikamoo. Samli imefika?"

"Marahaba. Wacha samli. Pasaka ya mwaka huu ulisali wapi?"

"Si hapo kwenu Misufini? Tulikuwa sisi, na wale wauguzi wa Mkoani. Ukatupa na uji tulipotoka. Kwani kuna nini?"

"Hapana kitu. Serikali yakusalimu."

Sitasahau ule mlipuko. Vigelegele vilianza kwa wanawake, na vijana wa msewe, ambao walikuwa wamechoka kungoja harusi, wakaanza kupiga miguu chini. Bi Raniya alingoja mpaka akaweza kusikika. Akasema taarifa ataiandika yeye, na ataandika alichokisikia: nyumba hii ni ya ibada na haikupata kuachwa, na ufunguo wake hauna haja ya kwenda mjini. Akaandika hivyo kweli, na wakubwa wake wakakubali. Wanaosema Chake Chake kwamba tulimlisha pilau ili atupendelee wajue kwamba pilau ilipakuliwa baada ya neno lake. Samwel alikula masahani matatu, na hadi leo anadai mpango ulikuwa wake.

Lakini kabla ya kula, Modester alimshika afisa mkono. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Mwanangu, umetoka Unguja kuja kulitembelea kanisa, na muda wote umesimama nje. Watu watasema watoto wa seremala hawajui kukaribisha mgeni."

Bi Raniya akavua viatu kizingitini, kama aingiaye msikitini. Hakuna aliyemwambia avue. Modester akamtazama, naye akavua vyake, mimi nikavua vyangu, na nyuma yetu nikasikia viatu vya kijiji kizima vikiachwa ukumbini. Tukaingia. Jua lilikuwa linapita madirishani na mawe yalikuwa yanang'aa. Modester akatangulia, akaweka kiganja juu ya benchi la kwanza, akasema kwa sauti iliyofika mpaka nyuma, "Hili alilichonga baba yetu. Keti."