Nilikwenda kueleza majeraha ya utotoni, baba yangu akakaa kiti cha mbele

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Naandika kutoka Lubumbashi. Mtanisamehe Kiswahili cha kwetu pale watu wanapoongea, nimewaacha waseme kama walivyosema. Chumvi sijaongeza. Ningetaka kujisifu ningechagua kisa kingine.

Mimi ni muuguzi. Parokia yetu huku Kasungami iliniomba nizungumze na wazazi Jumapili baada ya misa: yanayompata mtoto nyumbani humfanya nini akishakuwa mtu mzima. Trauma, kwa kifupi. Nikajiandaa wiki nzima, karatasi kubwa, kalamu za rangi, mifano.

Kabla sijaendelea, kuna jambo niwaeleze taratibu.

Baba yangu alifanya kazi kwenye mgodi wa shaba, kwenye mashine ya kusaga mawe. Akiwa zamu ya usiku, mchana analala. Pale kambini, kwenye nyumba za mgodi tulikokaa, kila mtoto wa mfanyakazi alijua sheria: baba akilala, nyumba haipumui. Kijiko kikianguka, mkanda. Kikohozi kikikubana, unakoholea ndani ya mto.

Tulikuwa watoto sita, na majirani walikuwa wanauliza kama tumekwenda Pweto kwa bibi.

Walitusifu sana. Nyumba yenye adabu, walisema.

Basi Jumapili ikafika, ukumbi umejaa. Baba, mstaafu sasa, kavaa koti lake la misa, kiti cha mbele kabisa. Ile mashine ilimla masikio. Ukitaka akusikie, ita kama unauza maji barabarani.

Nikaanza: mtoto aliyekulia kwenye hofu...

"Sauti, mama," akasema mama mmoja nyuma. "Hatuko tunasikia."

Nikapandisha. Yaani mimi niliona nimepandisha.

"Muache," akadakia jirani yake. "Iko nasema na karatasi yake."

Watu wakacheka.

Hapo wakuu mnaanza kukiona kichekesho. Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu: mtoto aliyezoea kujificha, hata akikua sauti yake hubaki mafichoni. Na pointi hiyo nilikuwa naifundisha kwa mnong'ono.

Nikarukia mfano. Nilikuwa nimeuficha vizuri, bila kutaja jina, kama tunavyofanya wauguzi. Kuna mtoto mmoja ninayemfahamu, nikasema.

"Mutoto gani?" Huyo ni baba yangu, kwa sauti ya mgodini.

"Mutoto moya, papa. Alikuwa anaogopa baba yake."

"Anaogopa nini?"

"Baba yake."

"Siko nasikia. Sema nguvu, weye mutoto. Balikuita juu ya kusema, weye uko nanyamaza?"

Ukumbi mzima ukacheka, isipokuwa dada yangu mkubwa, Odette. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, mikono kaikalia chini ya mapaja. Ndivyo tulivyokuwa tunakaa zamani, ili mikono isiguse kitu kikaanguka.

Nikaona njia mbili tu. Nikunje karatasi niende nyumbani, au niseme kwa sauti ambayo baba ataisikia. Ya katikati haikuwepo. Nina miaka arobaini na miwili, nina mume, nimezalisha wanawake nisiojua idadi yao, na bado nanong'ona mbele ya mzee wa kilo hamsini.

Nikasema. Mara ya kwanza maishani nilimpigia baba yangu kelele.

"Ni miye, papa. Tulikuwa tunakuogopa. Kama unalala, hata kupumua tulikuwa tunaogopa."

Nadhani hata wauza mandazi nje ya geti walisikia.

Baba alipojibu, safari hii sauti ndogo ilikuwa yake.

"Batoto bangu habakuwa na fujo. Ku kazi nilikuwa najisifu juu ya ile. Nilikuwa naambia benzangu, kwangu banajua kama baba anachoka. Banapenda baba yabo."

Hakuna aliyecheka.

Kumbe miaka yote ile sisi tulikuwa tunahesabu pumzi zetu, na yeye usingizini anajiona mtu anayependwa.

Nilidhani atanyanyuka aondoke. Alinyanyuka kweli. Akakivuta kiti chake hadi karibu nami, akanigeuzia lile sikio lenye nafuu.

"Rudilia," akasema. "Polepole. Na kwa nguvu."

Nikarudia. Karatasi ya pili hatukuifikia. Odette alitoa mikono chini ya mapaja, akainua mmoja, akaomba na yeye aseme.

Nilichojifunza ni hiki: nyumba kimya si lazima iwe nyumba yenye amani. Kama watoto wako wametulia mno, waulize kwa upole. Na kama ulishakosea, usikate tamaa. Kiti huvutwa karibu hata uzeeni, nimeona kwa macho yangu.

Kwenu sheria ya ukimya ilikuwa ipi? Andikeni hapa chini, hata mstari mmoja. Anayenong'ona naye tutamsoma.