Kiraka cha Njano

Wivu wa mke kwa mke mwenza una nyimbo na mafumbo yake, na kila mtu anaujua. Wivu wa mama kwa mwanamke anayemlelea mwana hauna wimbo. Ukiutaja utaambiwa mshukuru jirani yako: mtoto anakula, anaoga, anachezewa, unataka nini tena? Ndiyo maana Fundi hakuutaja. Aliubeba kimya, kama mtu aliyefumbata kaa la moto huku akiwasalimia watu njiani.

Kila mtu alimwita Fundi, hata mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, ambaye nyumbani alikuja kama mgeni na kuondoka kabla hajazoeleka. Fundi alishona sare za shule kwenye karakana iliyokuwa juu ya duka la rangi. Mashine zilipangwa safu mbili, zikilia kutwa kama mvua kwenye mabati, na hewa ilikuwa na harufu ya mafuta ya mashine na ya pamba mpya. Kazi yake ilikuwa kola. Shati likifika kwake halina shingo. Likiondoka, lina adabu.

Alikuwa na binti mmoja aliyekuwa ameanza darasa la kwanza. Huyo alianza kusema kabla meno hayajamjaa mdomoni, na tangu hapo hakuwahi kunyamaza, ndiyo maana wakamwita Chiriku. Akitoka shule Chiriku alikwenda nyumba ya pili, kwa mwanamke mnene mwenye watoto wakubwa waliokwisha kuhama, na hapo alimngoja mama yake mpaka jioni. Mwanamke huyo aliitwa Mama Kicheko. Jina hilo halikuhitaji maelezo, kwani kicheko chake kilipenya ukuta, kikapita juu ya kabati la Fundi, kikaketi chumbani bila kukaribishwa.

Kila jioni mambo yalikwenda vilevile. Fundi alipanda ngazi za kwao huku mgongo ukimwuma, na kabla hajafika mlangoni alisikia sauti ya mwanawe ikimiminika upande wa pili, ikifuatwa na kile kicheko. Alibisha hodi, na sauti ikakatika. Chiriku alitoka na ndara zake mkononi, macho yakiwa mazito, akamshika mama yake mkono na kwenda naye bila neno. Maneno ya mchana yote yalikuwa yamepakuliwa kule. Yeye aliyemzaa alibakiziwa ukoko.

Na hata ukoko ule ulikuwa na harufu ya jirani.

"Mama, Mama Kicheko anasema paka akinawa uso..."

"Kula kwanza."

"Mama Kicheko anasema mimi nina vidole vya..."

"Chakula kinapoa, mwanangu. Kula."

Chiriku alikula. Kisha alilala, na Fundi alikaa pembeni ya kitanda akimtazama, akijiuliza kama mtoto anaweza kuhama nyumba huku mwili wake umelala palepale.

Sasa kulikuwa na gauni. Lilikuwa la bluu, la kushindia nyumbani, ambalo Fundi alilishona mwenyewe na kulitia mifuko miwili mikubwa kwa sababu Chiriku alikuwa mtu wa kuokota vitu. Msumari wa geti ukalipasua karibu na pindo. Chiriku alimwonyesha mama yake, na mama yake akasema kesho. Kesho yake akasema tena kesho. Ulikuwa msimu wa kufungua shule, na kola zilimjia kwa marobota. Mganga hajigangi, na fundi hajishonei.

Jioni moja, Chiriku alipokwisha kupanda kitandani, Fundi alikuta gauni limetandikwa juu ya kiti, pindo likiwa limegeuzwa kumwelekea kama mtu anayesubiri kusalimiwa. Palipokuwa pamepasuka palikuwa na kiraka cha njano cha pembe tatu, kilichoshikizwa kwa uzi mweusi. Mishono ilikuwa mirefu hapa na mifupi pale, na mwishoni palikuwa na fundo kubwa kama punje ya mtama.

"Umeliona gauni?" Chiriku aliuliza kutoka kitandani.

"Nimeliona. Lala."

Chiriku hakulala mara moja. Aliendelea kumtazama, na Fundi akageukia sufuria zake, kwa maana damu ilikuwa imempanda na hakutaka mtoto aone uso wake. Alikiona kiraka kile kama tusi lililoshonwa. Jirani hakuridhika na kumlisha mwanawe, kumwogesha na kumchekesha. Sasa alikuwa amechukua na sindano. Alikuwa anautangazia mtaa mzima kwamba mtoto wa fundi hana wa kumshonea.

Asubuhi alilitia gauni kwenye mkoba akaenda nalo kazini. Wakati wa mapumziko wenzake walipofungua vyombo vyao vya chakula, yeye alilitandaza mezani. Jirani yake wa mashine, mwanamke mwembamba waliyemwita Vifungo kwa sababu ya kazi yake, akainama kutazama.

"Nani kakushonea hii, shoga? Huyu alikuwa anashona huku anapanda ngazi."

"Jirani."

"Yule anayekulelea?"

"Huyohuyo. Ameona mtoto hana mama."

"Au ameona gauni limepasuka."

 Fundi alichukua mkasi mdogo wa kufumulia, akautia chini ya mshono wa kwanza.

"Msimu huu ukiisha namtoa pale," alisema. "Nitampeleka kwa dada yangu."

"Dada yako yule wa kupanda mabasi mawili? Mtoto atakuwa anafika kwako amelala." Vifungo alitafuna taratibu. "Wewe una wivu, mwenzangu."

"Wivu wa nini?"

"Wa mtoto. Mimi wangu nashinda nao siku ya mapumziko, na ikifika jioni namwomba Mungu alete jirani awaibe. Hata mmoja tu. Achague."

Wanawake wa meza ya nyuma walicheka. Fundi aliendelea kukata. Kila uzi uliokatika ulimpa raha ndogo ya siri, ile raha ambayo mtu hawezi kuikiri hata kwa shoga yake. Alilivuta fundo la mtama likatoka na kuacha shimo. Akakitupa kiraka kwenye gunia la vipande lililokuwa mlangoni. Kisha akatafuta uzi wa rangi ileile ya gauni, akalifuma lile tundu polepole, uzi juu, uzi chini, mpaka jeraha likapotea. Alipomaliza kulipiga pasi, hata yeye ilimbidi akipeleke kitambaa dirishani ndipo aone palipokuwa pamepasuka. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizofanya wiki ile.

Jioni alimpa Chiriku gauni mikononi, akabaki amesimama kama mtu anayengoja asante.

Chiriku aligeuza pindo upande huu, akaligeuza upande ule, kama mtu anayetafuta chawa.

"Kiko wapi?"

"Kipi?"

"Kiraka changu."

"Nimekitoa. Tazama, mama ameshona vizuri. Hata hapaonekani."

Chiriku hakulia. Angelia, ingekuwa nafuu. Alilikunja gauni, akaliweka kitini, akapanda kitandani na kugeukia ukuta, ule ukuta uliowatenganisha na nyumba ya pili. "Hukukipenda," aliuambia ukuta.

Yakamfika Fundi shingoni. Kumbe mambo yamefika huku, mtoto anaomboleza kiraka cha jirani. Aliufungua mlango, akapiga hatua zile chache, na safari hii hakubisha kwa upole.

Mama Kicheko alikuwa amekaa kwenye kigoda akisugua sufuria, mikono imejaa majivu.

"Karibu, jirani. Kuna usalama?"

"Upo. Nimekuja tuelewane jambo moja. Mwanangu akipasua nguo, niambie mimi. Usimshonee. Mimi ndiye fundi, na mimi ndiye mama yake."

Mama Kicheko alimtazama, sufuria ikiwa mapajani. Halafu akaanza kucheka.

"Nimshonee mimi? Thubutu! Mimi nilishika sindano ile, akaninyang'anya. 'Wewe hujui, lete. Mimi ni mtoto wa fundi.' Basi akakaa hapo mlangoni kwangu, ulimi nje, anashona. Amejichoma vidole, hataki kusaidiwa. Mchana mzima hakusema neno. Chiriku huyu, mwenzangu, kanyamaza mchana mzima. Nikamshika paji la uso, nikadhani ana homa."

Fundi alikuwa amesimama kizingitini. 

"Kitambaa ni cha pazia langu la zamani," Mama Kicheko aliendelea. "Alichagua mwenyewe. Anasema njano inaonekana kutoka mbali, mama ataiona akiwa bado mlangoni. Hebu niambie, alifurahi ulipomsifu? Maana leo karudi kutoka shule ananiuliza kila saa, mama yangu anatoka kazini sasa hivi?"

"Nimekifumua," Fundi alisema.

Kicheko kikakatika.

"Nilidhani ni mkono wako," Fundi akaongeza.

Mama Kicheko aliitazama mikono yake yenye majivu, kama anayeuliza kama kweli mikono hiyo ingeweza. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ya chini, wala haikuwa na ucheshi wowote.

"Nisikudanganye, jirani. Mimi nilizaa wanne, na sikumbuki hata mmoja aliyejivunia mimi kwa watu. Huyu namlisha, namwogesha, namsuka, lakini kutwa ni mama yangu hivi, mama yangu vile. Mama yangu akishika mkasi kitambaa kinanyamaza. Siku nyingine nasikiliza mpaka naona kijicho." Akatia tena kitambaa cha kusugulia kwenye majivu. "Basi kakitafute."

Kesho yake Fundi alifika karakana mapema. Gunia la vipande lilikuwa limekwisha kufungwa mdomo, tayari kwa mtu anayenunua mabaki ya kujazia mito. Alilifungua, akalimwaga sakafuni, akapiga magoti. Yalikuwa mabaki ya msimu mzima: nyeupe, kijivu, bluu, mikia ya kola alizokata mwenyewe.

"Umepoteza nini, shoga, pete?" Vifungo alisimama mlangoni, mkoba begani.

"Kiraka."

"Kile cha kupanda ngazi?"

"Alikishona mwenyewe. Mtoto."

Vifungo aliuweka mkoba chini. Hakutania. Akapiga magoti upande wa pili wa rundo, na wote wawili wakachambua kama watu wanaochagua mchele, mpaka msimamizi alipokuja na kuwauliza kama siku hizi wameajiriwa na muuza mito.

Vifungo ndiye aliyekiona. Kilikuwa kimenata kwenye pamba ya bega la koti. Fundi alikipokea kiganjani. Nyuzi zilikuwa hazipo tena, lakini matundu ya sindano yalibaki kuzunguka pembe zote tatu, yakipinda kama safu ya sisimizi waliopotea njia. Yeye ambaye angeweza kuchukua shati lolote mle ndani na kusema nani kashona mkono na nani kashona mfuko, alikuwa ameutazama mkono wa mwanawe akaona wa jirani. Macho yalikuwa mazima. Ni moyo uliotangulia mbele ya macho, ukayazibia njia.

Jioni ile alipobisha kwa Mama Kicheko, walitazamana kidogo tu, na Mama Kicheko akaangalia mkoba wake kisha akainua nyusi. Fundi akatikisa kichwa kukubali.

Nyumbani alipakua chakula, lakini kabla ya kukaa alikiweka kiraka juu ya meza mbele ya Chiriku, pamoja na sindano na kigurudumu cha uzi mweusi.

"Nilikosea," alisema. "Nilidhani kimeshonwa na mtu mwingine."

"Nani?"

"Mtu tu. Kishone tena, nione unavyoshona."

Chiriku alikitazama kiraka. Akalivuta gauni, akaligeuza pindo, akapapasa kwa kidole.

"Lakini hapana tundu tena. Kiraka hakikai pasipo tundu."

Hilo Fundi hakuwa amelifikiri. Alilichukua gauni, akalipeleka kwenye taa, akaitafuta ile kazi yake mpaka akaipata. Kisha akautia mkasi katikati na kukata. Uzi ulikatika kwa sauti ndogo. Mkono ulimwuma kidogo, kwa maana hakuna fundi anayefurahia kuharibu kazi nzuri, lakini aliendelea mpaka tundu likafunguka kama lilivyokuwa siku ya msumari.

"Hilo ni kubwa," Chiriku alisema.

"Kiraka ni kikubwa pia."

Mtoto alilamba ncha ya uzi, akakosea jicho la sindano, akalamba tena. Akaanza. Mshono wa kwanza ulikwenda mrefu. Wa pili ulipanda ngazi. Fundi aliiweka mikono yake chini ya mapaja ili isiende kurekebisha.

Nyuma ya kabati, kile kicheko kilipenya ukuta kama kawaida yake. Na kama kawaida yake, lile kaa lilimchoma Fundi mkononi. Halikuwa limezimika; pengine halingezimika kamwe, kwa kuwa saa za mchana zilikuwa za yule mwanamke na kola zilikuwa zinangoja.

"Mama Kicheko anasema..." Chiriku alianza, kisha akasita. Akamtazama mama yake, akaitazama sahani yake, akaweka sindano chini na kunyoosha mkono kuchukua tonge.

Hapo ndipo Fundi alipojua nani aliyekuwa akimnyamazisha mwanawe jioni zote zile.

"Anasemaje?" aliuliza.

"Nile kwanza?"

"Hapana. Niambie anasemaje."

Chiriku alivuta pumzi kama mtu anayejiandaa kuruka mtaro. Akaanza na paka anayenawa uso, akaingia kwenye vidole, akapita kwa mwalimu na geti na msumari na pazia, akarudi kwa paka, huku sindano ikining'inia kwenye uzi wake mweusi, na chakula cha wote wawili kikapoa mezani.