Gramu Moja ya Zebaki

Juzi pale Kibiti muuza duka alinitolea kipimajoto cha plastiki. Nilikuwa naomba punguzo la pili. Ghafla masikio yangu yakasikia sauti ambayo chombo kile hakikuitoa: tik, ya kioo kinachovunjika mdomoni mwa mtoto.

Mtoto huyo ni mdogo wangu, Hamisi. Nilikuwa kidato cha tatu, nimerudi likizo kwetu Maparoni. Hamisi alikuwa na homa, mama akamwekea kipimajoto cha kioo kwapani. Hamisi mwenyewe akakichomoa, akakitafuna kama muwa. Vipande vya kioo tulivipata vyote, nilivihesabu mara mbili. Zebaki ndiyo haikutimia. Nyingine ilitapakaa mkekani kama shanga za fedha, nyingine haikuonekana.

"Umeimeza?" mama akauliza.

"Haina hata ladha," akajibu, kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mkondo, na maji yamekupwa, mtumbwi umekaa topeni. Ikabidi tungoje.

Bora ningekuwa sijasoma. Shuleni tulikuwa tumetoka kufundishwa idadi ya atomu. Hazihesabiwi moja moja, alisema mwalimu. Pima uzito, idadi utaipata. Nilielewa upesi, maana mama aliuza kamba wa baharini, na mtu akikutajia kilo ulijua ni kamba wangapi bila kumgusa hata mmoja. Basi nikauinamia mkeka ule ule na kalamu, nikakadiria Hamisi kameza gramu moja. Nikagawa kwa mia mbili na moja, uzito wa atomu ya zebaki, nikazidisha kwa namba ndefu aliyotukaririsha mwalimu. Jibu: tatu, halafu sifuri ishirini na moja. Nikarudia. Vile vile.

Nikaanza kupatana. Tuseme kameza sehemu moja ya kumi. Ikatoka sifuri moja, zikabaki ishirini. Sehemu ya mia je? Kumi na tisa. Sijapata kukutana na muuzaji mgumu kiasi kile. Na kila atomu niliiona ina meno.

"Dada, kwani nakufa?"

"Nani kasema?"

"Mbona unalia?"

Maji yalipojaa tukavuka. Nesi, mama mmoja wa kutoka Mbeya, alimwangalia Hamisi mdomoni, akampapasa tumbo, wala hakushtuka. "Hiyo itatoka na choo. Nyingine iko wapi?"

"Mkekani," nikasema.

"Madirisha mliacha wazi?"

Tulikuwa tumeyafunga, mgonjwa asipigwe na upepo. Hapo ndipo nikaona uso wa nesi umebadilika. "Mama, ile inatoa mvuke, na mvuke wake hauonekani. Fungueni nyumba yote, mtu asilale mle. Na msiifagie, nakuja mwenyewe kuiokota."

Hamisi sasa ana watoto wake, na kile kipimajoto cha plastiki nilikuwa nawanunulia wao. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba hesabu yangu ya siku ile haikuwa na kosa. Nimeirudia mara nyingi. Ila nilizihesabu atomu zilizokuwa zikipita njia tumboni mwa mdogo wangu. Zile zilizokuwa zikipanda kutoka mkekani, nilipouinamia na kalamu yangu, sikuzihesabu hata mara moja.