Wimbo wa Kombe Kwenye Matanga ya Mama Mdogo

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka, hata nikiwa peke yangu shambani, nainamisha uso. Usinicheke kwamba mvi zangu bado zinahesabika. Aibu nayo huzeesha mtu.

Ulikuwa mwaka ule Kombe la Dunia lilipochezwa Afrika Kusini. Wimbo wa kombe ulikuwa kila mahali mjini Arua, huku kwetu Uganda: sokoni, saluni, kwenye bodaboda. Mimi nilikuwa kijana wa maspika. Nilikuwa na jenereta, mashine ya muziki na maspika mawili makubwa, nakodisha kwa harusi na matanga, na nilijiona mtu kweli kweli. Ukweli ni kwamba vyote vilitokana na jasho la mama mdogo Keji, mke wa baba mdogo Andama, aliyenilea hapa Ayivu. Alibeba mihogo kichwani hadi mjini, akauza, mpaka nami nikapata kazi ya mikono yangu.

Kombe likiwa limepamba moto, mama mdogo akafariki.

Kwao ni Dranya, kule Koboko, na kwetu mke hazikwi mpaka ndugu zake wafike wamwone. Tena hawaingii kimya. Huanza kumlilia tangu barabarani, na wenye nyumba huwaitikia kwa kilio, ndipo wajue kwamba dada yao alipendwa. Basi tukawangoja. Nikafunga maspika yangu uani ili nyimbo za kanisa zisikike vizuri.

Alasiri, timu moja ya Afrika ikafunga bao. Vijana waliokuwa wakisikiliza redio kwa jirani wakaja mbio na vuvuzela zao. "Weka ile ya kombe," wakaniambia. "Moja tu." Nami, badala ya kuwafukuza, nikaona fahari kuombwa. Nikaweka. Nikaongeza sauti. Ua wa msiba ukajaa vijana wanaorukaruka, nami nikiruka kati yao, huku mama aliyenilea amelala ndani.

Lori la Dranya likafika wimbo ukiwa katikati. Kwa kelele zile hakuna aliyesikia kilio chao, wala aliyewaitikia. Nilipogeuka niliwaona wanawake wamesimama barabarani, mikono kichwani, midomo imefungwa. Nikazima mashine, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mjomba Taban, kaka mkubwa wa marehemu, akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chetu cha huku mpakani:

"Sisi naambiwa dada yetu nakufa. Kumbe hapa iko sherehe. Labda sisi napotea njia."

Wakaketi kando ya barabara, wakakataa kuingia. Bila wao hatukuweza kuzika. Ndipo baba mdogo Andama akatoka ndani, macho yamevimba kwa kulia, akaenda kupiga magoti vumbini mbele ya shemeji zake.

"Kosa iko yangu," akasema. "Mimi iko mutu ya nyumba."

Hakunitaja. Nami nilikuwa karibu tu, nimeshika waya wa spika, najifanya naukunja. Nikanyamaza. Kuweka wimbo ule ningeweza kuusingizia ujana, maana ujana ni moshi. Kunyamaza kule sina cha kukisingizia, mwanangu.

Jioni wakakubali kuingia, ila waliingia kimya. Wakamwona, tukamzika kesho yake, na hakuna hata dada yake mmoja aliyepaza sauti. Mama mdogo alikwenda bila kuliliwa na watu wa kwao.

Niliificha aibu hiyo miaka kadhaa. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Msimu mmoja wa mavuno nikapanda gari hadi Dranya, nikamkuta Mjomba Taban akipura mtama. Nikapiga magoti, nikamweleza yote. Aliendelea kupura kidogo, kisha akaweka fimbo chini.

"Sisi najua siku ile ile, iko wewe," akasema. "Wanawake nangoja wewe nakuja pale barabara, nasema. Kama wewe nakuja, wao nalia."

Nikalia mbele yake, naye akaniacha nilie.

Sasa nawasikia nanyi mnapanga muziki wa kombe lijalo. Pigeni, chezeni, furaha si dhambi. Lakini kabla hujaongeza sauti, uliza kwanza kama jirani halii. Na ukikosa, mwanangu, inuka siku hiyohiyo uende kwa miguu yako, usimwache mzee apige magoti kwa ajili yako. Mjomba alinisamehe, akanipa maji nikanywa. Kilio cha mama mdogo, hicho hakuna wa kunirudishia.

Mungu akupe furaha tele katika ujana wako. Na akupe magoti mepesi, yanayokunjika kosa likiwa bado bichi.