Nilioga Maji ya Baskeli za Safari, Nikamwachia Mume Wangu Lawama

Nina kosa, wenzangu, wala sitalizungusha. Mimi ndiye niliyeiharibu baskeli ya Wifi yangu, kisha nikanyamaza huku mume wangu akilaumiwa mbele ya macho yangu. Tangu siku hiyo nshacheka sana, lakini nikikumbuka uso wake natamani ardhi inimeze!

Nakaa Mji Mkongwe. Mume wangu ni fundi seremala. Alinunua gari kuukuu iliyokuwa ikibeba mikate, akang'oa rafu zote, akatia kitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Nyuma akachomelea chuma cha kutundikia baskeli mbili, yangu na ya dada yake. Halafu akashona kwa mkono wake turubai la kuzifunika, zisipate vumbi wala mvua njiani. Alivyojivunia turubai lile! Hakuna mgeni aliyeingia kwetu akatoka bila kuoneshwa mishono.

Dada yake, Wifi yangu, alifiwa na mume. Akajifungia ndani, hata dukani hendi. Baskeli ndiyo iliyomtoa. Alijifunza ukubwani, nami nikajifunza naye, tukawa tunaangukiana vichochoroni mpaka watoto wanatuzomea. Likizo hii tukakata shauri tuzunguke kisiwa kwa gari ile, tulale humo humo. Siku ya kurudi, mimi na Wifi tuanzie Jozani na baskeli zetu mpaka Forodhani, wenzake wa kikundi cha wanawake watupokee. Mtu aliyekuwa akiogopa hata kuvuka barabara! Kwake safari ile ilikuwa kubwa kuliko harusi.

Tukafika Uroa, maji yamekupwa, mchanga mgumu. Tuliendesha ufukweni mpaka tope la chumvi likaturukia migongoni. Raha isiyosemeka! Jioni Wifi akataka kwenda na mume wangu kumsalimia rafiki yake, mama mmoja mkulima wa mwani. Akaniambia:

"Wifi, leo zamu yako. Zioshe kwa maji ya tangi, chumvi yote itoke. Uzifute zikauke, cheni uzitie mafuta ya cherehani. Ndo uzifunike."

"Wala usihofu, Wifi. Nenda zako."

Wallahi nilikusudia. Lakini mchanga ulikuwa umenijaa mpaka kwenye nywele. Nikasema nijimwagie kidogo kwanza. Mume wangu alitia bomba la kuogea kwenye lile tangi, na maji yalikuwa yamepashwa na jua, mazuri! Nikaosha nywele. Nikazirudia. Nikaimba. Mara nasikia bomba linakohoa. Maji hakuna!

Nyumba ya jirani ilikuwa na mfereji. Ningebisha hodi tu, ningepewa ndoo ya maji na chai juu yake. Lakini nshavaa dera safi, nshajipaka mafuta, uvivu ukanipanda. Nikateremka baharini, nikachota maji ya chumvi, nikazimwagia baskeli. Zikang'ara! Nani atajua?

Nikasikia sauti ya Wifi anarudi. Haraka haraka nikazivisha turubai zikiwa bado zinachuruzika, nikakaza kamba. Kichupa cha mafuta hata sikukifungua.

"Tayari?"

"Tayari, Wifi. Zinanukia!"

Basi mvua ikatufungia Uroa siku kadhaa. Tulipika garini, tukacheza karata, tukacheka, na turubai halikufunguliwa. Jua likitoka kidogo linawaka juu yake, na chini yake kuna maji na chumvi vinapikana. Nami nacheza karata!

Tulipofika Jozani, mvua imekwisha, mume wangu akalivuta turubai kwa madaha. Lo! Nilitamani nikimbilie msituni nikaishi na kima punju. Baskeli ya Wifi imevaa kutu kama upele. Cheni imekamatana kama kashata. Wifi akasukuma pedeli, haiendi. Akabana breki, imeganda.

Akamgeukia mdogo wake. "Turubai lako linavuja."

"Dada, halivuji. Nimelijaribu mwenyewe."

"Basi kutu hii imetoka wapi?"

Mume wangu akanitazama. "Mke wangu, si ulizikausha?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Nilizikausha. Labda mvua imepenya kwenye mishono."

Mishono! Katika maneno yote ya Kiswahili nikachagua hilo!

Mume wangu alilikunja turubai taratibu, kama mtu anayekunja nguo ya mtoto, akalipeleka kwenye pipa la taka, akalitia. Akarudi akasema, "Samahani, Dada. Kazi yangu mbovu."

Wifi alikuwa keshatoa simu. "Msiningoje," akawaambia wenzake. "Siji tena na baskeli." Sauti yake ikarudi kuwa ile ya siku za kujifungia ndani.

Nikashindwa. "Wifi, usikate simu! Waambie wangoje! Ni mimi!"

Nikamwaga yote. Kuoga, nywele, kuimba, ndoo ya bahari. Wifi akaniangalia mpaka nikatoka jasho.

"Yaani baskeli zimekosa maji kwa ajili ya nywele zako?"

"Naam, Wifi."

"Ndo maana zinanukia!" Akaangua kicheko mpaka akakaa chini.

Mume wangu hakucheka. Alikwenda kulitoa turubai pipani, akalikung'uta, akasema kwa upole, "Ungenambia siku ile ile, ningekwenda kuomba maji mwenyewe." Bora angenifokea!

Kisha akashika kazi. Baskeli yangu ni ya kizamani, cheni yake imezibwa na bati, kwa hiyo kutu haikuila sana. Akaitoa, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaifunga kwenye baskeli ya Wifi. Breki akazilegeza moja moja. Yangu ikabaki imening'inia nyuma ya gari, haina cheni, na mimi nikabaki sina safari. Mazoezi yote yale!

Nikakaa garini, tukamfuata Wifi pole pole na taa zinawakawaka. Kila kilima nikitoa kichwa dirishani napiga kelele, "Kanyaga, Wifi! Kanyaga!" Watu wa vijijini wakadhani tunapeleka bibi harusi.

Forodhani wenzake walimpokea kwa vigelegele. Alilia, akacheka, na kabla hajapumua vizuri akawahadithia kisa changu chote. Muuza mishkaki akasikia. "Bi mkubwa," akaniambia, "chumvi nikutilie, au umekuja na yako?" Watu wakafa kwa kicheko! Hata mume wangu akacheka, ndipo pumzi zikanirudi. Lakini picha zote za siku ile, sote tumo, na aliyesimama bila baskeli ni mimi peke yangu.

Wenzangu mnaotembea na baskeli nyuma ya gari, nawaomba. Ukitoka pwani, zioshe kwa maji ya mfereji, hata kama ni ya kuomba. Zifute, ziache zipate upepo, cheni uzitie mafuta, ndo ufunike. Ukifunika mbichi, unazipika! Na ukishakosea sema hapo hapo, aibu ikiwa bado ndogo. Mimi niliingoja ikue, na aliyeibeba hakuwa mimi.